Asidi ya Tano

Ukimwambia mtoto wa siku hizi kwamba Kivuli alikuwa fundi wa kusafisha picha, atamwona kichwani mwake akiwa na ndoo, kitambaa na povu la sabuni. Si kosa la mtoto. Neno limebaki linazurura peke yake, kazi yake imeshaondoka. Zamani picha ilizaliwa imefichika ndani ya mkanda, haionekani na mtu, na ilikuwa lazima apatikane wa kuitoa huko gizani kwa dawa na subira. Huyo ndiye msafishaji. Na mtaani kwetu msafishaji alikuwa mmoja tu, mrefu, mwembamba, anayetembea kama anaogopa kumwamsha mtu. Ndiyo maana wakamwita Kivuli, na jina likamkaa vizuri kuliko shati.

Chumba chake cha giza kilikuwa nyuma ya studio. Dirisha lilipakwa rangi nyeusi, taa ilikuwa nyekundu, na mezani yalipangwa mabeseni matatu. La kwanza lilikuwa na maji ya kuita, kwa sababu ndiyo yaliyoita sura ije. La pili lilikuwa na maji ya basi. Sura ukiiita bila kuizuia inakuja na kupitiliza, inazidi kuwa nyeusi mpaka bwana harusi na bibi harusi wanabaki madoa mawili ya lami. Hapo ndipo asidi kidogo ndani ya maji huingia na kusema, basi. La tatu lilikuwa na dawa ya kuikaza picha isiogope tena mwanga.

Mke wake, wiki ya kwanza ya ndoa, aliikuta chupa iliyoandikwa MAJI YA BASI akashika kiuno.

"Kumbe una basi? Mbona kwetu hukusema? Baba yangu asingekusumbua vile."

Kivuli alicheka siku mbili.

Miaka ikaenda. Mabeseni yakakauka. Mbele ya studio sasa anakaa mkwe wake na kompyuta, anapiga picha ndogo za vitambulisho, na mteja anaondoka nayo kabla kiti hakijapoa. Kivuli hakununa. Mchana aliingia chumba chake cha giza, akakaa kwenye kigoda na kufumba macho, na nyuso zikamjia moja moja kama zilivyokuwa zikija majini: kwanza nyusi, halafu pindo la nguo, halafu macho, mwisho kabisa mashavu. Alizifahamu nyuso za watu ambao hakuwahi kusalimiana nao. Akikutana nao sokoni aliona haya, kama mtu aliyewaona wakiwa usingizini.

Kitu kimoja alikipoteza katika kazi ile: pua. Dawa za miaka thelathini na tano zilimmaliza. Pua yake, alisema mwenyewe, ilistaafu kabla yake.

Basi siku moja akaja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mama wa miaka arobaini na moja, futi yake ya kitambaa ingali shingoni. Kwapani alikuwa na kamera ya boksi, ile ya zamani inayofanana na sanduku la viatu lililotiwa jicho moja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeileta makumbusho?"

Hakucheka. Aliiweka kamera mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ni ya marehemu baba. Tumeikuta chini ya nguo zake. Ndani kuna mkanda." Akaishika futi shingoni. "Shangazi anasema baba hakuigusa tena tangu mama alipofariki. Mimi nilikuwa na miezi minane. Picha yake hatuna hata moja, mzee wangu. Ile tuliyokuwa nayo ilipotea kwenye kuhama. Sura ya mama yangu sijawahi kuiona."

Kivuli aliinama, akachungulia kidirisha chekundu nyuma ya kamera. Namba saba. Mtu alipiga picha sita, labda saba, kisha akaacha.

"Mkanda wa miaka arobaini," alisema, "unaweza kuwa umelala, unaweza kuwa umekufa. Ukiwa umelala, tutauamsha. Lakini ni mara moja tu, unanielewa? Karatasi ikiharibika nachukua nyingine. Mkanda ukiharibika, umekwenda."

"Naelewa."

"Na mikono yangu ina miaka minane haijafanya kazi hii."

"Nimeuliza mji mzima," alisema fundi cherehani. "Wote wananielekeza kwako."

Hapo Kivuli akakosa pa kutokea, na moyoni hakutaka kutoka.

Dawa za kuita alikuwa nazo, unga wake umefungwa vizuri kwenye kopo. Ya kukazia nayo ilikuwepo. Kilichokosekana ni asidi ya maji ya basi. Yeye aliijua kwa jina la asidi asetiki, na siku zote ilimfikia ikiwa imeshapunguzwa nguvu na muuzaji, mzee mmoja ambaye naye ameshatangulia. Basi akapiga simu duka kubwa la kemikali. Binti aliyepokea akasema ataangalia stoo kisha atapiga mwenyewe. Na alipopiga, Kivuli alikuwa anaoga. Simu akaipokea mke wake, mkono mmoja uko kwenye kikaango, vitunguu vinalia.

"Wamesemaje?" aliuliza Kivuli, taulo begani.

"Wanayo. Ila siku hizi haiitwi hivyo, ati hilo jina la kizamani. Wanaiita asidi ya tano."

"Ya tano?"

"Ya tano na kimkia fulani huko mwishoni, sikukishika. Vitunguu vilikuwa vinaungua."

"Na hizo nne za kwanza ziko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kawaulize waliozihesabu. Nimewaambia walete."

Kivuli alivaa shati polepole, akiliwaza neno lile. Alipofika kifungo cha tatu uso ukamchangamka. Tano! Tano kwa mia, bila shaka. Sehemu tano asidi, tisini na tano maji. Wamemrahisishia mzee wa watu. Akaona hata dunia mpya ina adabu zake.

Chupa ilikuja kesho yake imefungwa kwa magazeti. Kioo cheupe, kizibo cha kukaza, na shingoni kadi yenye namba ya mteja na namba ya simu ya duka, basi. Ndani, kitu cheupe kama maji. Kivuli alikata kipande cha plasta, akaandika TANO kwa herufi kubwa, akaibandika tumboni mwa chupa. Kisha akapiga hesabu yake kwenye ukuta kwa penseli, kama zamani. Maji ya basi kwa mkanda yanataka asidi ya mbili kwa mia. Ukiwa na ya tano, unapima vikombe viwili vya asidi na vitatu vya maji. Aliihakiki mara tatu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo halikuwa kwenye hesabu.

Siku waliyopatana ilikuwa ya baridi kali ya msimu ule, asubuhi ambayo watu wanaongea na moshi unatoka mdomoni. Fundi cherehani alifika mapema, akakaa sebuleni na mke wa Kivuli, kikombe cha chai mkononi bila kukinywa. Kivuli alijifungia, akazima kila kitu, na humo gizani vidole vyake vikaufungua mkanda na kuuvingirisha kwenye gurudumu lake la plastiki. Vidole havikusahau. Vilienda vyenyewe kama watoto wanaojua njia ya nyumbani. Akaingiza gurudumu kwenye tangi dogo lisilopitisha mwanga, akalifunga, akawasha taa.

Kwake sheria ilikuwa moja: hakuna kuanza kuita kabla dawa zote tatu hazijawa tayari. Maji ya kuita yalikuwa kwenye beseni la vuguvugu, yanapata joto. Ya kukazia tayari. Akapima vikombe vitatu vya maji kwenye jagi, kisha akainyanyua chupa ya TANO kutoka kwenye rafu ya saruji iliyolala na baridi usiku kucha. Asidi ilicheza ndani, nyepesi, nyeupe. Kizibo kilikaza. Akakigonga kwa mpini wa kijiko, koh, koh, ili kilegee.

Na hapo, jamani, chupa ikaota manyoya.

Ulianza shingoni, unyoya mmoja mweupe, mwembamba kama uzi. Ukateremka ndani ya maji yale, ukazaa unyoya mwingine ubavuni, na mwingine, na mwingine. Yakakimbizana kimyakimya, yakafunguka kama mabawa ya ndege anayejinyoosha, yakagusana, yakasukana. Kivuli alishika chupa kwa mikono miwili na kusahau kuvuta pumzi. Alihisi chupa ikipata joto kidogo kwenye viganja, kana kwamba kilichokuwa kinazaliwa humo kilikuwa na damu. Miaka yote alikuwa ameona vitu vikitokea majini. Ameona maharusi, askari, mapacha, bibi mmoja aliyekataa kuvua miwani. Lakini wale walitoka kwenye karatasi. Hiki kilitoka kwenye maji matupu, hakuna aliyekiita.

Alipozinduka, chupa nzima ilikuwa imara. Akaigeuza kichwa chini. Halikusogea tone.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo uone. Asidi imelala."

Mke akaja, fundi cherehani nyuma yake, ana hofu tayari.

"Imelala vipi?"

"Imeganda. Sasa hivi, mikononi mwangu. Baridi ya leo si ya mchezo."

Mke aliichukua chupa, akaitazama mwangani. Aliigeuzageuza, akasoma plasta. Kisha akalegeza kizibo ambacho sasa kilikubali, akasogeza pua, na kuirudisha nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Uwiii! Hii siki inang'oa nyusi!"

"Siki gani? Hiyo asidi."

"Mimi ninayo pua, mzee. Hii ni siki. Siki yenye hasira." Akafuta machozi na upindo wa kanga. "Sasa niambie wewe. Siki yangu mimi iko dirishani jikoni, penye upepo, baridi kuliko hapa. Nimeimimina asubuhi hii hii, inatiririka. Na kwenye chupa yake wameandika asidi tano kwa mia. Yako tano, yangu tano. Mbona yako imekuwa jiwe?"

Kivuli aligeuka, akaitazama ile hesabu ya penseli ukutani.

Akaifuata ile namba shingoni mwa chupa, akaiweka simu mezani sauti ya juu wote wasikie. Binti yule yule akapokea, mchangamfu.

"Binti yangu, mlinipa asidi ya tano..."

"Asidi ya ngapi, mzee?"

"Ya tano."

Halafu kicheko cha kujizuia ambacho hakikuzuilika.

"Mzee, nisamehe. Ni asidi ya ethanoiki. E-tha-no-i-ki."

Mke wa Kivuli akatazama dari. "Vitunguu," alinong'ona.

"Kwa hiyo si tano kwa mia?"

"Hapana, mzee! Hiyo ni safi. Tisini na tisa na ushee."

Fundi cherehani akatafuta kigoda bila kukitazama, akakaa.

"Na hilo jina," Kivuli aliendelea, "maana yake nini?"

Binti alikuwa wa wale wanaopenda kuulizwa. "Majina haya siku hizi ni ya kuhesabu, mzee. Ukisikia 'ethano', ujue kaboni ziko mbili, zimeshikana mikono. Ile 'iki' ya mwisho, ukiiunga na neno asidi, inakuonyesha ni ukoo gani."

"Yaani hiyo tano yenu ni mbili?"

"Ndiyo hivyo, ni mbili!" Akacheka tena. "Na asetiki ni yeye huyo huyo. Limetoka kwenye Kilatini, kwao siki. Ni kama mtu mmoja, mzee: ethanoiki ni jina la kwenye cheti, asetiki ni jina alilojulikana nalo ujanani, na siki ndilo analoitwa nyumbani. Akiwa jikoni kwenu amejaa maji, mpole, anakaa na kachumbari. Akiwa peke yake anaunguza ngozi. Imeganda, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Baridi ya leo! Ikiwa safi, chini ya nyuzi kumi na saba tu inaanza kuganda. Wakati mwingine inasubirisubiri, ukiigusa ndiyo inashtuka. Siki ya jikoni haiwezi, maji ndiyo mengi. Kwa hiyo ukiiona imekuwa jiwe, hiyo ndiyo sahihi yake: ni safi. Sasa nisikilize. Usiipeleke karibu na moto, mvuke wake unawaka. Legeza kizibo, iweke kwenye maji ya vuguvugu iyeyuke polepole, na uvae glavu. Ukichanganya, mimina asidi kwenye maji. Usimimine maji kwenye asidi."

Simu ilipokatika, ukasikia mkwe huko mbele akimwambia mteja anyanyue kidevu.

Kivuli aliliangalia jagi. Vikombe vitatu vya maji, na viwili vilikuwa njiani. Utando unaobeba picha kwenye mkanda ni laini kama uji ulioshika, na huu ulikuwa na miaka arobaini. Asidi ile ingeutia malengelenge, ingeubandua kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Angeyamimina mwenyewe, kwa mikono yake, huku anahesabu dakika kwa raha zake.

"Mwanangu," alisema bila kumtazama fundi cherehani, "nilikuwa nimeshainua chupa. Kizibo kingelegea, sasa hivi ningekuwa nimeshamwua mama yako mara ya pili. Chukua mkanda wako. Mpelekee mtu mwenye akili zake."

"Nimpelekee nani?"

"Sijui. Si mimi."

Fundi cherehani aliinuka. Alikuwa mwanamke wa kukata vitambaa vya watu, vitambaa ambavyo mkasi ukienda upande havirudi, na huenda ndiyo maana sauti yake haikutetemeka.

"Mimi pia nimewahi kukosea kipimo, mzee wangu. Lakini kabla ya kukata. Kukosea kabla ya kukata si kukosea, ni kupima."

Mke wa Kivuli alikuwa ameshatoka, na sasa alirudi na chupa ya siki kutoka dirishani, nyeupe, safi, imebaki robo tatu. Akaitua mbele ya mumewe kama anayetua sahani.

"Hesabu yako ya ukutani ni ya asidi ya tano. Mbili kwa tatu. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tano hii hapa. Pima. Na kikombe changu cha kupimia nakitaka kirudi."

Kivuli akapima. Vikombe viwili vya siki juu ya vitatu vya maji, kama ukuta ulivyosema. Chupa nyingine aliifunga, akaibandua plasta, akaisogeza mwisho wa rafu ikiwa na manyoya yake.

Giza halikuhitajika tena kwa kuwa tangi lilifunga, lakini alizima taa kubwa kwa mazoea na kuwasha nyekundu. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi mabega yakigusana. Akamimina maji ya kuita. Akaanza kuligeuza tangi, taratibu, kulia na kushoto, na sauti ya maji humo ndani ikawa kama mtu anayetembea mbali kwenye umande. Dakika zilikuwa nane, lakini kwenye mwanga ule mwekundu muda ulilegea kama uzi uliotoka kwenye sindano. Fundi cherehani alisema baadaye kwamba alisinzia macho yakiwa wazi, akaona nyumba asiyoijua, na mtu ndani yake anaosha vyombo huku amempa mgongo.

"Sasa," Kivuli alisema. Akamwaga, akamimina siki ya mke wake ndani ya tangi. "Basi," alisema kwa sauti, kama alivyokuwa akisema ujanani.

Kisha ya kukazia. Kisha maji mengi. Kisha akafungua.

Mkanda ulitoka unatiririka maji, akauinua kwenye taa. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili ukungu. Ya tatu, ukungu wenye mstari wa kitu kama mlango. Mkono wa Kivuli ulishuka polepole, na pumzi za benchi zikasimama.

Ya nne, palikuwa na mtu.

"Huyo hapo," alisema.

Fundi cherehani alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama, akakunja uso.

"Huyu ni bibi. Nywele zote nyeupe."

"Hapa nyeupe ndiyo nyeusi, mwanangu. Ngoja. Lete hiyo aproni yako."

Aproni ya kushonea ilikuwa nyeusi. Kivuli aliitandaza mezani, akaushikilia mkanda juu yake bila kuugusisha, akamwomba mke wake ainamishe taa ya mezani upande, chini zaidi, hapo hapo. Kuna namna moja ya mwanga, ukiuleta kwa ubavu na nyuma pakiwa peusi, mkanda unajigeuza wenyewe kwa nukta chache. Nywele zikaingia usiku. Uso ukatoka.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, amepakata furushi lenye mguu mmoja mdogo umechomoza nje. Alikuwa anacheka na mtu anayempiga picha, kichwa pembeni, mdomo wazi, kama aliyekuwa anasema 'acha bwana'. Hakuzidi miaka ishirini na mbili.

"Mbona mtoto?" fundi cherehani alisema kwa kunong'ona. "Mbona ni mtoto huyu? Binti yangu wa kwanza anamzidi."

Alinyoosha kidole, hakugusa, akauzungusha uso ule hewani. Akafungua mdomo kusema, akasita, kama mtu aliyebisha hodi akasikia sauti ngeni. Alijaribu tena. Akapiga goti kidogo, pale pale mbele ya meza yenye maji, mwanamke wa miaka arobaini na moja mbele ya msichana.

"Shikamoo, mama."

Taa ilikuwa mkononi mwa mke wa Kivuli, hakuisogeza hata unywele. Alisubiri kidogo, kama anampa nafasi mwenyewe. Kisha akaitika kwa niaba yake, sauti ndogo kuliko aliyoizoea mtu yeyote nyumba ile.

"Marahaba, mwanangu."